SAMADI ISITOKE KIJIJINI

Ndugu Wanaushirika,

Juzi lori la samadi limeondoka tena. Wauzaji ndio hao hao waliodai mkutanoni eti ushirika ukope fedha za kununulia urea ya mabingobingo! Mkono huu tunauza mbolea, mkono huu tunakopa mbolea. Hesabu gani hii?

Urea hatuikatai. Ina naitrojeni asilimia 46, majani huinuka upesi. Lakini ni naitrojeni tu. Kila mzigo tunaokata unatoka shambani na fosforasi na potasi, na samadi ndiyo inayovirudisha. Tena wengine wanaimwaga urea juu ya udongo jua likiwaka, sehemu yake inapaa hewani. Fedha hiyo!

Halafu kuna kusifu urefu. Hata sisi wa ofisi tulishangilia, tulikosea. Bingobingo lililopita kimo cha mtu lina uzito, kweli, lakini ni mashina matupu: protini imepungua, ng'ombe anabagua, maziwa yanashuka. Likatwe likifika kama mita moja.

Tunataka samadi ifunikwe, mvua isiioshe, irudi kwenye mabingobingo. Urea kidogo iongezwe baada ya kukata, udongo una unyevu, ifukiwe.

Kura ni Jumamosi. Wenye lori nao waje, waseme mbele ya wote.