MBOLEA YA DHAMANA ISIWEKWE KWENYE MKEKA

Ndugu wanaushirika,

Msimu uliopita kikundi chetu cha wakulima kumi kililipa deni la mtu mmoja. Habari hiyo wote mnaijua, ila jina halikubandikwa ubaoni. Leo nasema mwenyewe: ni mwanangu. Alichukua mbolea ya mkopo mifuko minne, akauza miwili kwa bei ya kutupa, fedha akaziweka kwenye mkeka wa mpira. Mkeka ukachanika. Tumbaku yake ikadumaa, na siku ya malipo deni lake likakatwa kwa sisi tisa tuliomdhamini.

Tangu siku hiyo nasikia maneno ya namna mbili hapa Kanyenye. Wazee wanasema kubeti kupigwe marufuku. Vijana wanajibu: "Mzee, mbona Serikali imeruhusu?" Kwa maoni yangu kila upande una ukweli wake, na kila upande unakosea mahali.

Vijana kweli hawakudanganya. Hata zama za Mwalimu, mwaka 1974, ilitungwa Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na Bodi yake inayotoa leseni. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mchezeshaji awe na leseni, na inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Sasa jamani, nani kati yetu amewahi kumwuliza mwenye mashine leseni yake iko wapi? Na watoto wenye sare za shule wanaoizunguka mashine na sarafu za shilingi 200, nani amewaondoa? Tunapita tu, halafu jioni tunalaumu Serikali.

Na wazee wenzangu, marufuku peke yake haitoshi. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa ugomvi wa kodi. Mwaka huohuo Rais Museveni aliagiza Uganda isitoe tena leseni mpya za kubeti mpira. Pamoja na hayo, huko Nairobi na Kampala watu bado wanabeti. Kibanda ukikifunga, simu iko mfukoni.

Kinachotufaa zaidi ni kuijua hesabu yake. Sisi wakulima tunaujua mzani mbovu. Hebu tuupime huu. Chukua mechi ambayo timu zote mbili zina nafasi sawa, na haiishi kwa sare. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa 2,000. Kampuni inalipa, tuseme, 1,900. Wewe unaona ni mia moja tu, si kitu. Lakini mkeka wa mechi tano za namna hiyo unatiki mara moja katika 32. Watu 32 wakiweka elfu moja moja, zinapatikana shilingi 32,000. Mshindi mmoja anapewa kama 24,760, tena hapo kodi ya ushindi haijakatwa. Shilingi 7,240 zimebaki kwa kampuni, na watu 31 wamerudi nyumbani mikono mitupu. Mechi zikiongezwa, mzani unazidi kulalia upande wa mwenye duka. Babu zetu waliobeba mizigo kwa njia hii yetu mpaka Bagamoyo walipatana ujira kwanza ndipo wakajitwika. Sisi tunajitwika bila kuuliza.

Mtu mzima akibeti fedha yake mwenyewe, hiyo ni shauri lake na nyumba yake. Lakini mbolea ya dhamana siyo mali ya mtu mmoja. Ni jasho la watu kumi. Hapo chama kina haki ya kusema.

Kwa hiyo naleta hoja tatu kwenye mkutano mkuu:

1. Masharti ya chama yaongezwe kifungu, kisha yapelekwe kwa Mrajis: atakayeuza au kuweka rehani pembejeo za mkopo asidhaminiwe msimu unaofuata.

2. Kila kikundi kikague mbolea shambani, siyo ghalani tu. Mimi ningetembea hatua mia tatu hadi shamba la mwanangu, ningeliona mapema. Sikwenda, nikidhani ni wangu, hawezi.

3. Kamati imwombe mwenye mashine aonyeshe leseni. Asipokuwa nayo, au akiendelea kuchezesha watoto, habari ipelekwe kwa mtendaji na kwa Bodi.

Wako watakaosema namwaibisha mtoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea rasimu hii jana usiku, akanisahihisha hesabu ya mkeka. Magunia yake mawili ya karanga yako kwa mweka hazina, yagawiwe wale wanane waliobaki. Fungu langu mimi nimemsamehe.

Ushirika ni nguvu.

Mwanachama, Kanyenye