Leseni ya Baa ni Jambo la Dhamiri



Tunapozungumza juu ya ulevi parokiani, kwa kawaida tunamhubiria mlevi. Tunamwambia aache pombe, aikumbuke familia yake, arudi kwenye sakramenti. Ni wajibu wetu kumwambia hivyo. Lakini kabla ya mlevi kuna aliyemwuzia, na kabla ya mwuzaji kuna ofisi iliyotia sahihi ya kumruhusu auze. Juu ya sahihi hiyo napenda tutafakari leo, maana hapo ndipo ulevi unapokuwa suala la haki na amani.

Tuitazame sheria yenyewe. Hapa Kenya chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Marufuku hayo hayakuikomesha, bali yaliificha. Akina mama waliopika ili wapate karo za watoto wakawa wahalifu, na wafanyabiashara wasio na huruma wakaongeza sumu ndani yake. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Ndipo mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria mpya ya kudhibiti vileo, iliyoihalalisha chang'aa ili itengenezwe kwa usafi na kuuzwa kwenye chupa.

Nia ilikuwa njema, na sheria hiyo iliweka mipaka. Baa zifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku. Mwisho wa juma na sikukuu zianze saa 8 mchana. Ziwe umbali usiopungua mita 300 kutoka shuleni. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Vileo visiuzwe katika vifuko vidogo vya plastiki.

Mlango ulifunguliwa, lakini mlinzi wake akasinzia. Pombe kali za bei ya chini zilienea hadi vijijini. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa imekamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ikatoka humo na kurudi kwa wanywaji. Sheria iliyoandikwa vizuri haiwezi kumlinda mtu iwapo waliokabidhiwa kuitekeleza wameiuza.

Liko jambo jingine, lisilotajwa sana. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Ada ya leseni huingia katika mapato ya kaunti. Basi anayepaswa kusema "baa zimetosha hapa" ndiye anayenufaika kila inapofunguliwa nyingine. Faida huandikwa katika vitabu vya hazina. Hasara haiandikwi popote: mke anayepigwa usiku, mtoto anayelala njaa, shamba la urithi linalouzwa kipande kwa kipande, kijana wa miaka 25 asiyeweza kuamka asubuhi kwenda kazini. Hao ndio wanaolipia leseni.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa manufaa ya wote. Leseni inayoongeza mapato kwa kuzibomoa nyumba imepoteza sababu ya kuwepo kwake. Naye nabii Habakuki, katika sura ya pili, hamlaumu mlevi peke yake. Anamtangazia ole yule anayemnywesha jirani yake mpaka alewe. Neno hilo linamgusa mwuzaji, na linamgusa pia anayemruhusu.

Wapo watakaosema: Padre, Bwana wetu alifanya divai kule Kana; na baa huwapa watu kazi. Ni kweli. Kanisa halijapata kuikataza pombe, wala mimi siikatazi. Wazee wetu pia walikuwa na muratina, busaa na mnazi. Lakini vilikuwa na wakati wake, na katika jamii nyingi kijana hakukaa kibuyuni pamoja na wazee. Mila ilikuwa leseni yao, na ilikuwa kali kuliko zetu. Kuhusu ajira, tuhesabu kwa uaminifu: baa moja huajiri watu wangapi, na huwaondoa wangapi katika kazi zao?

Basi tufanye nini? Sheria ya mwaka 2010 ilimpa mtu yeyote nafasi ya kupinga ombi la leseni kwa maandishi. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague watu wawili wa kufuatilia matangazo ya maombi hayo. Mahali baa inapokaribiana na shule, pimeni umbali, andikeni barua, tieni sahihi kwa pamoja. Kaunti inapowaita wananchi kujadili sheria ya fedha, viongozi wa walei wahudhurie na waulize: ada za vileo ni kiasi gani, na ni kiasi gani hutumika kuwatibu waliozama katika ulevi?

Tusiwasahau akina mama wanaopika pombe kwa sababu ya umaskini. Kuwavunjia mitungi bila kuwapa njia nyingine ya kulisha watoto ni kuwaongezea dhuluma. Vikundi vyetu vya akiba viwafungulie mlango.

Hatimaye, tujichunguze sisi wenyewe. Mwenye baa inayouzia watoto wa shule asiketishwe mbele katika harambee ya kujenga kanisa kwa sababu ya ukubwa wa bahasha yake. Tukikubali bahasha hiyo kwa furaha, hatutakuwa na kinywa cha kuishtaki kaunti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu umekwisha kufika ndani ya nyumba zetu.