Kesi Iliyompima Captain Marvel kwa Misuli

Mashabiki wa kampuni za katuni za DC na Marvel wakikutana, mabishano huishia kwenye nguvu: nani anamwangusha nani, nani ana mbio zaidi, ngumi ya nani inavunja mlima. Mabishano hayo ni matamu, lakini yanawapunja mashujaa wenyewe. Mawakili wa Marekani waliwahi kukitumia kipimo hicho hicho cha misuli mahakamani, na matokeo yake yakawa kumwondoa kwenye vibanda vya magazeti, kwa karibu miaka 20, mmoja wa wahusika bora waliowahi kuchorwa nchini humo.

Superman alianza kuonekana katika toleo la kwanza la Action Comics, lililobeba tarehe ya Juni 1938. Waliombuni, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, walikuwa vijana wa Cleveland, Ohio, na haki za mhusika huyo waliziuza kwa dola 130. Kampuni iliyozinunua, ambayo leo inaitwa DC, iliona haraka utajiri ulioko humo na ikaanza kuulinda kwa ukali. Mwaka 1939 kampuni ya Fox ilipomtoa Wonder Man, aliyebuniwa na Will Eisner, ilishtakiwa na ikashindwa.

Kisha likaja tatizo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa 1940 kampuni ya Fawcett ilitoa jarida la Whiz Comics likiwa na shujaa mpya, Captain Marvel, kazi ya mwandishi Bill Parker na mchoraji C. C. Beck. Jalada lilimwonyesha mtu mwenye joho na vazi la kubana akilirusha gari ukutani. Jalada la Action Comics karibu miaka miwili nyuma lilimwonyesha Superman akiwa amelinyanyua gari juu ya kichwa. Wote wawili risasi haziwadhuru. Wote wawili, wakivua joho, wana kazi katika vyombo vya habari: Clark Kent ni mwandishi wa gazeti, Billy Batson ni mtangazaji wa redio. Anayetazama kwa juujuu ana haki ya kusema huyu kaigwa kutoka kwa yule.

Lakini akishafungua ukurasa, picha inabadilika kabisa. Superman ni mtu mzima anayejifanya mnyonge. Nguvu zake ni za kuzaliwa, na Clark ni vazi tu analojificha ndani yake, na miwani yake, na aibu zake mbele ya Lois Lane, mwandishi mwenzake. Billy hajifanyi chochote. Ni mtoto yatima aliyefukuzwa nyumbani na ami yake ili urithi upate kuliwa, anauza magazeti usiku na kulala kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi. Mgeni asiyejulikana anampeleka kwa mchawi mzee aitwaye Shazam, naye anapewa neno moja la kutamka. Akilitamka, radi inapiga, mtoto anakuwa mtu mzima mwenye nguvu. Akilirudia, anarudi kuwa mtoto.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo hakuna kipimo cha misuli kinachoweza kuiona. Mtoto anayemsoma Superman anatamani watu wajue kwamba yeye si dhaifu kama anavyoonekana. Anayemsoma Captain Marvel anatamani kukua, sasa hivi, kabla ya wakubwa kumdhulumu tena. Hizo ni kiu mbili tofauti, na kila moja ilipata shujaa wake.

Tofauti ilikuwa hata kwenye ucheshi. Kuanzia 1943 hadi 1945 Captain Marvel alipambana, katika hadithi ya mfululizo wa sehemu 25, na genge la waovu lililoongozwa na bwana wa kutisha aliyesikika sauti tu. Baadaye wasomaji walikuja kugundua kwamba bwana huyo, Mister Mind, ni kiwavi mdogo mwenye miwani na kipaza sauti. Superman wa miaka hiyo hakuwa na hadithi ya namna hiyo. Wanunuzi walijibu kwa fedha zao: katikati ya miaka ya 1940 Captain Marvel alimpita Superman kwa mauzo, na matoleo ya jarida lake yaliuza nakala zaidi ya milioni 1 kila moja.

DC ilikuwa imekwisha kufungua kesi mwaka 1941. Ilisikilizwa mwaka 1948, na jaji wa kwanza akaona kwamba Fawcett iliiga, ila DC ilikuwa imepoteza hakimiliki kwa sababu baadhi ya katuni za Superman zilichapishwa magazetini bila tangazo la haki hizo. Mwaka 1951 mahakama ya rufaa, chini ya jaji mashuhuri Learned Hand, ikaipindua sehemu hiyo ya mwisho. Haki inataka isemwe pia kwamba Hand hakuwa na shaka juu ya kuigwa kwa vipande fulani, na waliochora vipande hivyo walistahili kulipa. Kosa liko kwenye adhabu iliyofuata. Mwaka 1953, soko la mashujaa likiwa limeshuka, Fawcett ilikubali kulipa dola 400,000 na kumwacha kabisa Captain Marvel. Kwa vipande vichache vilivyoigwa, akazikwa mtoto mzima pamoja na neno lake.

Nani hasa alimwiga nani, ukianza kuhesabu? Mwanasayansi mwovu mwenye upara, Dakta Sivana, alikuwemo kwenye hadithi ya kwanza kabisa ya Captain Marvel. Adui mkuu wa Superman, Luthor, alitokea miezi michache baadaye, tena akiwa na nywele nyekundu. Upara aliupata mwaka 1941. Mwandishi Otto Binder, aliyeandika mamia ya hadithi za Captain Marvel na kushiriki kumbuni dada wa Billy, Mary Marvel, mwaka 1942, alikuja kuandika hadithi za Superman baada ya Fawcett kuacha katuni za mashujaa. Mwaka 1959 akamwandikia Superman binamu: Supergirl. Kampuni zilizopigana miaka 12 mahakamani zilikuwa zinakula kutoka mkono mmoja.

Jina lilipoachwa wazi, likachukuliwa. Mwaka 1967 Marvel ilimtoa Captain Marvel wake, askari kutoka sayari nyingine, na alama ya biashara ikawa mali yake. Ndiyo maana DC, ilipomrudisha kwa ruhusa shujaa wa Fawcett mwaka 1973, ililazimika kuliita jarida lake Shazam!, jina la mchawi. Mwaka 2019 filamu za wawili hao zilitoka zikifuatana kwa wiki chache tu: ya Marvel, ambamo jina hilo amelibeba Carol Danvers, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1, ya DC ikaingiza karibu theluthi ya fedha hizo. Huenda watazamaji wengi waliokuwa ukumbini hawakujua kwamba yule mtoto wa Shazam! ndiye mwenye jina wa kwanza.

Ulinganisho bora wa Superman na Captain Marvel ulifanywa mwaka 1996 na Mark Waid na mchoraji Alex Ross katika Kingdom Come. Wanapigana, ndiyo, na radi ya Shazam inamuumiza Superman kweli. Lakini kilele kiko kwingine. Bomu la nyuklia linakuja kuwaua mashujaa wote waliokusanyika. Likizuiwa, vita vyao vinaweza kuwaangamiza wanadamu. Superman anakiri kwamba hana haki ya kuamua. Anamwachia Billy, kwa kuwa ni Billy peke yake anayeishi pande zote mbili, mwanadamu leo na shujaa kesho, na Billy anaruka kulilipua bomu angani kabla halijafika. Hadithi hiyo imekusanywa katika kitabu kimoja na bado inachapishwa. Anayetaka kuwalinganisha wawili hao aanzie hapo, kisha arudi kwenye zile kurasa za 1940 akamsome muuza magazeti.