Mdundo wa Obokano Hauna Nenosiri

Tuambiane ukweli. Hapa Kisii, Nyanchwa ikiwemo, kuna wapiga kinanda wanaotengeneza staili ya mdundo wa Kigusii kwenye Yamaha PSR, halafu wanaificha kama hati ya shamba. Ukiomba, unaambiwa: “Haiwezi ingia kwa Korg yako.”

Nusu kweli. Staili ya Yamaha haisomeki kwenye kila Korg, na Motif hutumia patani, si staili. Lakini MIDI iko tangu 1983: inabeba noti, muda wake na nguvu ya kidole, haijali kampuni. Sauti ndiyo haibebi. Basi rekodi kamba za obokano, utume kando kama WAV. Kazi ya jioni moja hiyo.

Kuuza jasho lako si dhambi. Lipisha masaa yako. Lakini mdundo wenyewe uliupata wapi? Wazee walioupiga kwa kamba nane hawakumwekea mtu nenosiri. Tukizidi kufichana, kila wimbo utatoka na ngoma zilezile za kiwandani. Na siku flashi yako ikiharibika, buda, utakuwa umemfichia nani?