Arubuni ya Nyumba Imo Mikononi mwa Nani?

Mwalimu anayenunua nyumba au kiwanja humu nchini hutakiwa, mkataba unapotiwa sahihi, atangulize sehemu ya bei. Kwa desturi sehemu hiyo ni asilimia 10. Kwa nyumba ya shilingi milioni 4 hizo ni shilingi 400,000, na aghalabu ni fedha zilizokatwa mshaharani miaka na miaka na kuwekwa katika chama cha akiba na mikopo. Fedha hizo hutumwa kwa wakili wa muuzaji, mtu ambaye mnunuzi hakumchagua na pengine hajapata kuonana naye. Swali ninalotaka tulidadisi ni hili: zikishamfikia wakili huyo, ni za nani?

Wengi hulijibu swali hili kwa kupima uaminifu wa wakili. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria, na naona kwamba jibu limefichwa kwanza katika maneno ya mkataba. Kiswahili chetu kina istilahi mbili zinazofaa hapa. Arubuni ni fedha anayotanguliza mnunuzi ili kufunga bei. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze hali akijua si chake. Shilingi 400,000 zinapotoka mkononi mwa mnunuzi ni arubuni. Zinapoingia katika akaunti ya wakili zapaswa kuwa amana. Zisipogeuka kuwa amana, basi neno arubuni hukaribia mno kitenzi kurubuni, na maana yake kila msomaji anaijua.

Sasa tuutazame mkataba wenyewe. Ingawa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mikataba ya mauzo ya ardhi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakama. Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniletea mkataba wa aina hiyo nimfafanulie sentensi moja. Sentensi hiyo ilisema kwamba wakili atapokea malipo ya kwanza akiwa mshikadau. Mwalimu alishtuka. Kwake yeye, mshikadau ni mtu mwenye maslahi katika jambo, kama tunavyosikia kila siku juu ya washikadau wa elimu au wa kilimo. Alijiuliza ni vipi wakili awe na maslahi katika fedha zake.

Kumbe neno hilo ndilo lililokuwa ngao yake. Dau ni fedha iwekwayo na wanaoshindana; mshika dau ni mtu wa tatu asiye na upande, anayeishika mpaka ijulikane ni nani anayestahili kupewa. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo lilianza na maana hiyo hiyo, na sheria haijaiacha. Wakili akipokea arubuni akiwa mshika dau, hana ruhusa ya kumpa muuzaji kabla ya mauziano kukamilika, wala ya kumrudishia mnunuzi kwa matakwa ya upande mmoja, isipokuwa mkataba uwe umeeleza vingine. Lakini mkataba ukisema kwamba anazipokea kwa niaba ya muuzaji, basi zikifika kwake ni kana kwamba zimefika kwa muuzaji. Muuzaji aweza kuzidai siku hiyo hiyo na kuzitumia. Mauziano yakivunjika, mnunuzi atabaki kumwandama mtu ambaye huenda hana kitu tena.

Na mauziano huvunjika, hata pasipo hila ya mtu. Chukua mfano wa ardhi ya kilimo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, uuzaji wake huhitaji idhini ya bodi ya eneo husika. Idhini ikikosekana, mapatano hubatilika, na sheria inamruhusu mnunuzi kudai alicholipa kama deni. Haki hiyo ni njema, lakini kudai deni na kulipwa ni mambo mawili tofauti. Amana iliyo salama katika akaunti ya wakili hurejeshwa kwa barua. Fedha zilizokwisha kuliwa hufuatwa mahakamani.

Baada ya maneno kunyooshwa, ndipo tuzungumzie kutuma. Mtu hawezi kufanya kazi ya uwakili nchini ila awe katika orodha ya mawakili na awe na leseni ya mwaka huo, na Chama cha Mawakili kina orodha ambayo raia aweza kuitazama. Hata hivyo, jina pekee halitoshi. Mnamo Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia habari za mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la wakili halisi lililofanana na lake. Kwa hiyo mnunuzi aende ofisini kwa miguu yake au, kama hawezi, apige simu kwa nambari aliyoipata kwingine, kamwe si ile iliyo ndani ya barua pepe yenye maelezo ya malipo. Asomewe nambari ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Barua pepe ikimjia baadaye kusema kwamba akaunti imebadilika, aichukulie kuwa ya tapeli hadi athibitishe vingine kwa sauti ya mtu anayemjua.

Vilevile aulize kama akaunti hiyo ni ya wateja. Kanuni za hesabu za mawakili huwataka watenge fedha za wateja na fedha zao wenyewe. Anayetaka arubuni itumwe kwenye simu yake binafsi, au aletewe taslimu, amekwisha kujieleza. Tangu Oktoba 2009 hundi hairuhusiwi kuzidi shilingi milioni 1, kwa hivyo malipo makubwa hupitia mfumo wa benki wa papo kwa papo. Wepesi huo una gharama yake: fedha zikifika pasipofaa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Risiti nayo idaiwe siku hiyo hiyo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba kumhoji wakili namna hii ni kumvunjia heshima. Sioni hivyo. Wakili mwaminifu hulindwa na maswali hayo kama anavyolindwa mnunuzi. Wengine watasema kuna tume ya kupokea malalamiko dhidi ya mawakili na jopo la kuwaadhibu. Ni kweli, lakini vyombo hivyo hufanya kazi baada ya hasara.

Wito wangu ni kwa pande mbili. Chama cha Mawakili kitoe kielelezo cha mkataba wa mauzo kwa Kiswahili fasaha, ili anayetia sahihi ajue anachokiahidi na anachoahidiwa. Nasi walimu wa lugha tuingize sentensi za mikataba katika mazoezi yetu ya ufahamu. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya arubuni na amana atakuwa amejifunza Kiswahili, na siku moja atakuwa ameiokoa nyumba yake.