Nani Anamuuliza Mgonjwa Kama Ameridhika?

Kuna hoja moja inayonikera katika mjadala wa toleo hili la jarida letu. Wanaoitetea wanasema vijana wa Dandora, Nairobi, wanalaghaiwa na mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima, kwa hiyo tuwafungulie mlango wa upasuaji halali wa kurefusha uume. Nia yao ni njema. Lakini wamelimeza dai la mganga zimazima: kwamba kijana ana upungufu.

Mwaka 2015 David Veale na wenzake wa London walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000. Wastani wa uume uliosimama ulikuwa sentimita 13.12. Wengi wanaoomba kisu wamo katika kiwango cha kawaida, na kisu chenyewe hakiwapi mengi. Mwaka 2006 madaktari wa London walitoa matokeo ya wagonjwa 42 waliokatwa kano inayoushikilia uume kwenye kinena. Nyongeza ilikuwa wastani wa sentimita 1.3, tena uume ukiwa umelala na kuvutwa. Walioridhika walikuwa asilimia 35. Miongoni mwa wale waliosumbuliwa na fikra kuhusu umbo lao, asilimia 27. Kano ikishakatwa, uume unaweza usisimame imara kama zamani. Mafuta yanayodungwa ili kuunenepesha nayo hunyonywa na mwili, wakati mwingine yakaacha mabonge.

Ziko ripoti zinazosifu zaidi. Ninapozisoma huuliza: nani aliyeuliza swali, na aliwauliza wangapi kati ya aliowapasua? Mara nyingi ni mpasuaji mwenyewe, akiwauliza waliorudi. Sasa mfikirie mwanamume wa Dandora Phase 4 aliyekopa kwenye chama bila kumwambia mke wake alikopea nini, kisha kovu likajikunja. Huyo harudi kliniki. Kidonda kikioza ataibukia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, aandikwe kama mgonjwa wa kidonda, na kwenye hesabu ya kuridhika hayumo.

Uchambuzi wa mwaka 2020 uliopitia tafiti 17 ulionyesha kwamba wanaume wakipewa ushauri nasaha wa kutosha, wengi hutambua kuwa wako sawa na kuacha kutafuta tiba. Washauri tunao, vituo vya afya vya Eastlands, upande huo huo wa Nairobi, vimefanya kazi hiyo miaka mingi kwa ajili ya VVU. Wapewe chumba chenye mlango unaofungwa, rula, na mafunzo ya jambo hili. Ningependa fedha za umma zianzie hapo.

Katika toleo hili, makala kuhusu waliozaliwa na kasoro, walioungua au waliokatwa kwa saratani inahusu tiba ya kweli, isomwe kivyake. Ile ya video za ngono kwenye simu ni fupi lakini inauma.

Kwa toleo lijalo nimewaomba wapasuaji matokeo ya mwaka mzima, yaliyokusanywa na mtu asiyelipwa na kliniki, na idadi ya waliopotea iandikwe kando ya idadi ya walioridhika.