Nyimbo zilizo kwenye CD na kanda: kwa nini tuzihamishe sasa

Mvua ya Rungwe inastawisha chai, migomba na viazi. Lakini unyevu huo huo ni adui wa sauti. Kanda huota kuvu na kunata, CD za kuchoma hufifia, na mashine za kuzisoma zinaadimika. Hata kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kuingiza CD.

Kama kwaya yenu ilirekodi miaka ya 1990 au 2000, huenda nakala mama bado iko kabatini kwa katibu. Je, itasomeka?

Studio nyingi duniani zilitumia DAT, kanda ndogo ya kidijitali ambayo Sony iliileta mwaka 1987. Kaseti hubeba mawimbi ya sauti, na kila ukinakili, ubora hupungua. DAT na CD hubeba namba, hivyo nakala inaweza kuwa sawa kabisa na ya kwanza.

Tatizo ni kwamba CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, wakati DAT mara nyingi ilirekodiwa kwa 48,000. Kuihamishia kwenye CD kunahitaji kompyuta ikokotoe upya. Fundi akikosea, wimbo unakwenda polepole na sauti zinakuwa nzito.

Sony ilitangaza kuacha kutengeneza mashine za DAT mwaka 2005. Mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti walionya kwamba kufikia 2025 kanda nyingi zisingeweza kunakiliwa tena, kwa kukosa mashine na vipuri. Muda huo umefika.

Ufanye nini?

Anza na CD, kwa sababu ni rahisi. Mwambie fundi atoe sauti kwa mfumo wa WAV, si MP3 pekee. MP3 hupunguza sauti ili iwe nyepesi kutumwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Saa moja ya WAV huchukua takribani MB 635, hivyo memori kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 45.

Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine. Andika majina ya waimbaji, kijiji na mwaka.

Kanda yenye kuvu usiichezeshe. Itakatika na kuchafua mashine. Ikaushe mahali pakavu penye kivuli, kisha mtafute fundi.

Usitupe nakala ya zamani. Redio inaweza kupiga wimbo wa wazee wetu kama tu bado unasomeka.